Mabati Mbele ya Bahari

Mwezi wa nane uliopita tulialikwa, mimi na binti yangu, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto anayesoma naye. Ilifanyika katika hoteli moja ya ufuoni, Jumeirah, hapa Dubai. Tulivishwa bangili za karatasi, tukapewa taulo nyeupe, tukapitishwa katikati ya bustani yenye ubaridi usiojulikana unatoka wapi, kisha tukashukia mchangani. Hapo harufu ikanipiga: chumvi ya moto, mwani, na yale mafuta ya nazi wanayojipaka Wazungu kabla hawajaiva kama kamba wa kuchemshwa. Nikasimama. Binti yangu akanivuta mkono, akaniuliza kwa Kiingereza nina nini. Nikamwambia sina kitu. Wewe nitakueleza, maana wewe angalau lugha hii unaielewa.

Nimekulia mtaa wa Satwa, miaka ile ya elfu mbili na kitu, kabla majengo marefu hayajatuzunguka pande zote. Nyumba yetu ilikuwa ya chini, ya matofali ya saruji, yenye ua katikati. Tulikaa watatu: bibi, mama na mimi. Baba alifariki nikiwa sijaanza hata kutembea. Mama alishona majoho ya wanawake katika duka la fundi wa Kihindi mtaa wa pili. Bibi, aliyemzaa mama, alitoka Unguja akiwa mwari, akapita Maskati, akaishia Dubai, na kote huko Kiswahili chake hakikupata hata mkwaruzo. Akizungumza na muuza mboga Mpakistani, alimsemesha Kiswahili kwa sauti ya juu kidogo, na yule bwana akampimia bamia bila shida.

Kiangazi cha huku hukijui mpaka ukiishi. Shule zikifungwa, wenye uwezo waliondoka wote kwenda kwenye milima na mvua za watu. Mji ukabaki kwetu sisi tusio na pa kwenda. Maji ya bomba yalitoka yakichemka kwa sababu tangi lilikuwa juani kwenye paa, basi tulizima hita ya bafuni na kuoga maji yaliyopoa ndani yake kivulini, ndiyo yaliyokuwa ya baridi. Viyoyozi vya madirishani vilidondosha maji kutwa. Bibi aliyakinga kwa ndoo, akafulia, yaliyobaki akamwagilia mrehani na pilipili zake uani. Adhuhuri, wajenzi walilala kwenye kivuli cha ukuta wetu, mashati wamejifunika nyuso, viatu wamevilalia kama mito. Bibi alinituma niwapelekee barafu za ukwaju alizogandisha kwenye vifuko vya plastiki. Walizipokea kwa mikono miwili, wakazifyonza wamefumba macho.

Na uzuri ulikuwepo, nisiseme uongo. Jioni barabara kubwa ilijaa magari ya vijana wa kitajiri, mekundu na ya manjano, yakipita polepole ili yaonekane, na sisi watoto tulikaa ukingoni tukiyagawana: hili langu, lile lako. Wenye kiu walipiga honi mbele ya mkahawa wa chai na mtu akawatolea vikombe hadi dirishani. Mafundi walivisha sanamu za madukani hariri ambazo mama alikuwa amezishona mwenyewe, na tukipita alinionyesha kwa kidevu tu, bila kusimama. Mbali huko, juu ya maji, ilionekana ile hoteli yenye umbo la tanga. Sikuwahi kumjua mtu aliyeingia ndani yake.

Lakini kiangazi chetu hasa kilikuwa bahari. Magoti ya bibi yalikuwa mabovu, na dawa alizopewa alisema zinamlaza tu. Kilichomfaa ni maji ya chumvi. Kila siku baada ya alasiri alivaa dera lake la zamani, akatupia buibui juu, akanishika bega, tukavuka kwenda Jumeirah. Palikuwa na kipande cha ufuo kilichoachwa baina ya hoteli na majumba ya watu, hakina miavuli wala viti. Maji yalikuwa ya moto kama mchuzi. Bibi aliingia na nguo zake hadi shingoni, akakaa chini kwenye mchanga, akafumba macho na kushusha pumzi. Mle majini hakuwa kikongwe. Alijigeuza atakavyo.

Wengine walimfuata. Alikuwepo jirani yetu, mama wa Kimombasa, mpishi wa watu, na yaya mmoja Mganda aliyekuja na watoto wawili wa madam wake. Walikaa majini wakizungumza Kiswahili cha kila namna, wakachekana. Bibi alikuwa na maneno yake ambayo hakuchoka kuyasema: kwamba maji haya ndiyo yale yale ya kwao, yamechukua njia ndefu tu. Mimi niliogelea kuwazunguka, nikisikia mambo ya wakubwa ambayo sikutakiwa kuyasikia.

Nilipokuwa na miaka tisa hivi, tulifika tukakuta mabati. Yalikuwa meupe, marefu kuliko mtu, yamechorwa picha za mwanamke anayecheka na glasi mkononi. Yalitoka ukuta wa hoteli hadi ukuta wa nyumba ya mwisho, bahari yote nyuma yake. Hoteli ilikuwa inapanuliwa. Kwenye kijimlango alikaa mlinzi, kijana Mkenya, sare imemlowa jasho mgongo mzima. Mama wa Kimombasa alijaribu Kiarabu, akaambiwa kwa upole kwamba khalas, imefungwa. Bibi akageuka kuondoka, akaniambia kwa Kiswahili nimshike vizuri, mchanga unamtelezesha.

Yule mlinzi aliposikia, akasimama. "Shosho, kumbe wewe ni wa kwetu?"

Bibi akamwangalia. Alisema yeye ni wa Unguja, na shosho ndiyo nini? Mlinzi akacheka, akaeleza kwamba kwao, bara, bibi ndiye anaitwa hivyo. Walizungumza pale juani muda mrefu. Alitoka Kitale, kwenye mahindi na baridi, na bahari aliiona mara ya kwanza alipoletwa kuilinda. Mama yake naye alikuwa na ugonjwa wa miguu. Mwishowe akatazama nyuma, akatazama kule hotelini, akasukuma bati moja pembeni. "Pitia hapa, shosho. Lakini hii mlango mtu asijue."

Ikawa hivyo kiangazi kile. Tulikwenda wachache, kimyakimya, saa ambayo msimamizi wake alikuwa upande wa pili. Bibi alimpelekea vitumbua na chupa ya chai, akamsahihisha Kiswahili chake: si hii mlango, ni huu mlango. Yeye akajibu sawa, shosho, na kesho yake akarudia vile vile, nadhani kwa makusudi, ili akemewe. Maji aliyaogopa. Bibi alimsihi aje akanyage tu, siku moja akakubali, kasimama ukingoni na viatu mkononi, mawimbi yanamfika vifundoni, anacheka peke yake. Sijawahi kumwona bibi anampenda mtu asiye wa damu yake kama alivyompenda yule.

Siku moja tulifika tukamkuta mlinzi mwingine, Mganda, mtu mzima. Bati lilikuwa limepigiliwa misumari. Bibi alimwuliza mwenzake yuko wapi. Yule bwana alitazama chini. Alieleza kwamba mgeni mmoja alilalamika kuna wanawake wanaoga na nguo, mkubwa akaja kuangalia, akajua nani amewapitisha. Kijana amefutwa kazi, na kwa kuwa amefutwa, viza nayo imekwisha. Amekwisha kupelekwa uwanja wa ndege. Bibi akauliza hata kuaga hakuruhusiwa? "Mama," yule Mganda akasema, "sisi hatuagi."

Bibi alikaa chini palepale kwenye mchanga. Hakulia. Alisema neno moja tu tukiwa njiani kurudi, na hakunisemesha mimi: "Mtoto wa watu, kwa ajili ya magoti yangu."

Kesho yake mama aliomba ruhusa kazini, akavaa joho lake zuri kuliko yote, akanichukua, tukaenda hotelini kwa mlango wa mbele. Ndiyo ile hoteli ya sherehe, nimesahau kukwambia. Ndani palinukia udi. Tulipokewa kwa heshima kubwa: tuliletewa maji yenye vipande vya ndimu na vitambaa vya baridi vya kufutia uso. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilidhani mambo yatakuwa mepesi. Akaja meneja, kijana mtanashati, akakaa karibu nasi, akamsikiliza mama hadi mwisho. Mama alimwambia kosa ni letu, kijana alimhurumia mzee mgonjwa, arudishwe, sisi hatutakanyaga tena.

"Nasikitika sana," meneja akasema. "Lakini walinzi si watu wetu, madam. Wanatoka kampuni nyingine."

Mama akaomba aambiwe kampuni gani. Meneja akatabasamu, akasema hilo halimo katika uwezo wake, akatusindikiza hadi mlangoni na kumfungulia mama yeye mwenyewe. Nje joto lilitupiga kama mlango wa tanuri. Mama alisimama na kile kitambaa cha baridi bado kiganjani. Alikuwa amesahau kukirudisha. Kilikauka tukiwa hatujafika hata barabarani.

Bibi hakwenda tena baharini. Ufuo wa wote ulikuwepo, mbali kidogo, na mama alisema atalipa teksi. Bibi alikataa. Mama wa Kimombasa alikuja kumbembeleza, akakataa. Alisema amekwisha kuoga vya kutosha. Magoti yakakakamaa. Kwanza akaacha kwenda sokoni, halafu akaacha kutoka nje ya ua, na kiangazi kilichofuata alikuwa anaswali kwenye kiti. Wakati mwingine nilimkuta amekaa mbele ya ndoo ya kiyoyozi, mguu mmoja ndani, akitazama ukuta.

Halafu wakaja watu na makopo ya rangi, wakaandika nambari za kijani kwenye milango ya mtaa mzima. Tukaelewa hata kabla hatujaambiwa. Mitaa yetu ilitakiwa kupisha mradi. Arbab, kama tulivyomwita mwenye nyumba, alikuja mwenyewe, mzee wa Kiarabu aliyekula kwa bibi miaka mingi, akasema hana la kufanya, naye ardhi imemtoka. Alilia yeye, bibi akamtuliza. Fundi wa Kihindi alifunga duka akarudi Kerala. Mama wa Kimombasa alikwenda Ajman, tukapoteana. Sisi tulipata chumba na sebule Sharjah, mji wa jirani, ghorofa ya tisa, dirisha likitazama dirisha.

Huko bibi hakuwa na ua, wala wa kuzungumza naye. Mama alipata kazi kiwandani, alirudi amechoka kuliko maneno. Mimi nilianza shule mpya, nikaanza kumjibu bibi kwa Kiarabu kama watoto wengine walivyofanya kwa wazee wao, na yeye hakunikemea. Nguvu za kumsahihisha mtu zilikuwa zimemwisha. Alifariki mwezi wa saba, joto limepanda, tukamzika asubuhi mapema kwa sababu mchana mchanga haushikiki. Waliohudhuria tuliwajua wachache sana. Wengi walikuwa waumini wa msikiti ule, watu wema, hawakujua hata jina lake.

Nilipokuwa mkubwa wa kupanda basi peke yangu, nilirudi Satwa. Nilitegemea kukuta minara, angalau nijue tumetolewa kwa ajili ya kitu. Hapakuwa na kitu. Ule mradi haukujengwa. Palikuwa na uwanja wa mchanga na kokoto, umezungushiwa waya, magari ya mtu yameegeshwa upande mmoja. Nilitafuta nyumba yetu ilipokuwa. Nikahesabu kutoka msikitini, nikahesabu tena kutoka barabarani, kila mara nikaangukia mahali pengine. Mwisho nikachagua mahali, nikasimama, nikajiambia hapa ndipo mrehani ulipokuwa. Lakini sikuwa na hakika, na kati ya wote waliojua, pale hapakuwa na hata mmoja wa kumwuliza.