Wangu, Alisema Dada

Hasira yangu haijaisha, na sitaki iishe. Dada yangu wa tumbo moja, mkulima mwenye wajukuu, alishtakiwa kwa kupatikana na bangi, na kilichomponza ni adabu.

Alikuwa anashuka kutoka Kipatimu kuja kwangu Masoko. Jirani yake akampa kiroba cha makopa ya muhogo, amkabidhi mpwa wa huyo jirani ambaye angemsubiri Nangurukuru. Kwetu hakuna anayesafiri na mzigo wake peke yake. Ukienda mjini unabeba na mizigo ya nusu ya kijiji. Huifungui, maana kufungua ni kumwambia mwenyewe kuwa humwamini. Na ukiulizwa njiani mzigo ni wa nani, unasema ni wangu. Amana ikishafika mikononi mwako, unaitetea kama yako mpaka uifikishe.

Pale stendi askari walipekua gari. Mpwa hakuonekana. Wakamuuliza dada, kabla ya kufungua chochote, mzigo ule ni wa nani.

"Wangu," akasema.

Chini ya makopa wakatoa vifurushi vya bangi. Kituoni wakaandika kuwa amekiri kwa hiari yake kwamba dawa za kulevya ni mali yake. Mzigo wa makopa ukawa dawa za kulevya kwa safari moja ya kalamu! Hakuna aliyemsomea. Akaonyeshwa mahali pa kuweka dole gumba, akaweka, akarudishwa mahabusu.

Nje ya mahakama mtu mwenye tai na mkoba akanidaka. Akanishauri dada akubali kosa siku ya kwanza, eti hakimu atamwonea huruma na jioni tutakuwa naye nyumbani. Nilikuwa nimechoka, nikakaribia kukubali. Nilipomuuliza ofisi yake iko wapi, akanionyesha simu yake. Karani aliyekuwa anapita akaninong'oneza kuwa huyo ni kishoka, hajawahi kuwa wakili hata siku moja. Angemfunga dada yangu huku anatabasamu.

Wakili wa kweli nilielekezwa na Mhindi mwenye duka la vitambaa Lindi, ambako marehemu mama alikuwa akinunua kanga. Alikuwa binti mdogo, na nilipoingia tu ofisini kwake, kabla hata ya kuketi, nikamtaka anionyeshe leseni yake. Hakukasirika. Akaitoa, akaniacha niisome mpaka chini.

Akanieleza kuwa kubeba kitu peke yake hakutoshi kumtia mtu hatiani. Serikali lazima ithibitishe kuwa alijua kilichomo. Akaisoma hati ya ukamataji wa mzigo, akauliza kwa nini hakuna sahihi ya shahidi hata mmoja, na stendi ile imejaa wauza chapati na abiria. Kisha tukaenda kumwona dada.

"Shikamoo, mama. Mahakamani useme ni nani aliyekupa."

"Marahaba. Lakini nikimtaja nitakuwa nimevunja amana."

Hapo nikampandishia sauti dada yangu mkubwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikamwambia jirani huyo hajaja kumwona hata kwa chungwa moja. Alilia, nami nikaona aibu.

Siku ya kujitetea alimtaja jirani, jina lake, la baba yake na la babu yake, huku ameinamisha kichwa kama mwizi. Hakimu akasema serikali haikuthibitisha kuwa alijua kilichomo, akamwachia huru.

Tulipofika Nangurukuru apande gari la Kipatimu, mama mmoja wa kijijini kwao akamkimbilia na mfuko mweusi. Akamwomba ampelekee mzee wake, ni dawa za presha. Zamani dada angeupokea huku bado anasalimia. Sasa aliweka mikono yake nyuma.

"Ufungue kwanza, nione," akasema.

Yule mama akamtazama, akaukunja mfuko wake, akaenda kutafuta abiria mwingine. Dada akapanda gari mikono mitupu.