Adhana ya Kompyuta

Mimi nina ulimi mkali, na kompyuta yangu ya nyumbani imekula matusi yangu kuliko binadamu yeyote. Ikichelewa kuwaka, naitukana. Ikileta maneno nisiyoyataka, nabonyeza popote ili ininyamazie. Kazini Mbaraki, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, naandika barua za watu kutwa nzima na nukta hainipiti, lakini nikifika nyumbani Kibokoni subira yote nimeiacha ofisini. Nayasema haya mapema ili mtu asije kunitetea kwamba sikujua. Kusoma najua. Sikusoma tu.

Mdogo wangu, tuliyetoka naye tumbo moja, alikuwa ameamua kumwacha mumewe. Hapigwi. Hilo ndilo watu huniuliza kwanza, kana kwamba bila kofi ndoa haiwezi kuwa mbaya. Mumewe alikuwa akimhesabia dakika za kwenda sokoni. Kila jioni aliichukua simu ya mkewe, akaisoma yote, kimya, kisha akamrudishia na kumwambia ahsante. Mpole, yule bwana! Sijapata kumsikia akipandisha sauti. Alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta karibu na Ngome ya Yesu, na mtaa mzima ulimpenda, nami nikiwemo, Mungu anisamehe.

Mdogo wangu alitaka kitu kimoja: aondoke na binti yake wa miaka saba kabla mumewe hajajua. "Akijua, dada, mtoto simpati tena," aliniambia, na alikuwa hatanii. Alikuwa amepata nafasi ya kufundisha chekechea Unguja, kwenye shule ya rafiki yake aliyesoma naye. Kwa kuwa simu yake haikuwa yake, barua zote aliziandikia kwangu, kwenye meza ya chini ya dirisha, akishamfikisha mtoto madrasa, siku ambazo mimi sikwenda kazini. Namtilia chai, namhimiza, "Fanya upesi wewe, dakika zako zinakwisha." Tukicheka, lakini macho yetu yalikuwa mlangoni.

Sasa hiyo adhana. Ramadhani iliyopita shemeji alipiga hodi kwangu baada ya alasiri, flashi mkononi. "Shemeji, masalkheri. Nimekuletea zawadi ya mwezi mtukufu." Ilikuwa programu ya kuadhini kwenye kompyuta nyakati zote tano, na kuonyesha saa ya daku na ya kufuturu. Bure kabisa. Alisema anawagawia watu apate thawabu. Msikiti wenyewe uko hatua ishirini na mlango wangu. Mwadhini akikohoa namsikia. Adhana ya kompyuta nilikuwa na haja nayo gani? Lakini nani atamfukuza mtu aliyekuja na adhana? Nikampisha kwenye kiti, nikarudi jikoni vibibi vyangu visiungue. Nilipotoka alikuwa amekwisha, na hata vumbi la kibodi amelipangusa.

Baada ya Idi ile programu ya kulinda kompyuta niliyokuwa nayo ikaisha muda. Siku hiyo hiyo likanitokea dirisha jekundu kwenye intaneti, likipiga kelele kwamba mashine yangu ina vairasi mamia, nibonyeze hapa nisafishiwe bure. Nikabonyeza. Kisha nikaona mlinzi mmoja hatoshi, nikaongeza wa pili. Basi kompyuta ikawa inatambaa. Kila mlinzi anamshika mwenziwe na kumwita mwizi, na mimi katikati nawatukana wote.

Pale kazini mna mwenzangu mmoja, mtu wa bara, Mkristo, anayeangalia kompyuta za ofisi. Nilipomsimulia akashika kichwa.

"Mama, ondoa zote mbili. Weka moja tu. Za bure nzuri zipo, lakini ichukue kwenye tovuti ya walioitengeneza, si kwenye dirisha linalokutisha. Ile inayopiga kelele sana ndiyo ya kuogopa."

"Na ikiniambia nina vairasi?"

"Usikimbilie kufuta, wala usikimbilie kuruhusu. Itenge. Kutenga ni kama kumfungia mtu chumbani: hajafa, lakini hatoki. Piga picha majibu, uniletee tuyasome."

Nikafanya kama alivyoniambia, tena kwa adabu. Jumamosi asubuhi nikaondoa yale matakataka mawili, nikaweka ile aliyoniandikia kwenye karatasi, nikaiamuru ikague kila kitu. Ilianza nikinywa chai peke yangu, ikamaliza karibu na saa nne. Mdogo wangu alikuwa ubavuni mwangu, ndio kwanza amefika, buibui hajalivua, akisubiri mashine imwachie nafasi.

Jibu likaja. Tishio moja, kwa rangi nyekundu. Nikasogea kusoma, nikaona jina la ile programu ya shemeji.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inasema adhana ni vairasi! Umepata kusikia wazimu kama huu?"

Chini kulikuwa na njia tatu: kufuta, kutenga, kuruhusu. Nikapiga picha kwa simu, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Lakini kutenga sikuweza. Wallahi mkono ulikataa. Nifungie adhana chumbani, mimi binti wa mtaa huu, kwa sababu mashine imesema? Nikabonyeza kuruhusu. Ikaniuliza tena, niruhusu mara hii tu au siku zote? Nikasema siku zote, na tusi juu yake. Kisha nikainuka, mdogo wangu akakaa, akamwandikia rafiki yake kwamba atapanda basi la Tanga Alhamisi, saa moja ya asubuhi, yeye na mtoto, wavuke kwenda Unguja.

Jumanne alikuja kwangu midomo imemkauka. Mumewe alikuwa amemnunulia sanduku la safari, jipya, akaliweka juu ya kitanda. Amemwambia lile la zamani zipu yake imekufa.

"Dada, amejuaje kama zipu imekufa? Sanduku liko juu ya kabati tangu mwaka juzi."

"Bila shaka amelishusha akaliona!" nikamkaripia. "Usijitie wasiwasi. Bado siku mbili."

Nilimkaripia kwa sababu mimi mwenyewe niliogopa. Alipoondoka nikakaa nikiitazama ile meza. Kulikuwa na jambo nililopaswa kulikumbuka kuhusu zipu, na sikulikumbuka.

Jumatano nikamletea mwenzangu ile picha, kwa mzaha, nipate kumcheka. "Antivairasi yako hiyo haina dini. Imeiita adhana vairasi." Hakucheka. Akaikuza picha kwa vidole, akaisoma pole pole, kisha akasoma tena.

"Mama, hii inaandika kila kibonye unachobonyeza na kumpelekea mtu. Nani alikuwekea?"

"Shemeji yangu."

"Wewe uliitenga?"

Zipu ilikuwa imenirudia: mdogo wangu alimwandikia rafiki yake kwamba sanduku lake bovu, zipu imekufa, atakuja na mfuko. Aliandika kwenye meza yangu, mimi nikisoma begani pake. Hakumwambia mtu mwingine duniani.

Nikatoka bila kuaga. Tuktuk iliniteremsha mwanzo wa mtaa wa mdogo wangu, nikaingia vichochoroni mbio, mtu mzima mimi, viatu mkononi. Nilikuwa nikisema kwa sauti, "Bado hajui, bado hajui," na watu wakinitazama.

Shemeji alikuwa amekaa barazani kwake. Saa nne ya asubuhi, siku ya kazi, duka lake limefungwa. Kanzu imepigwa pasi. Akasimama kunipokea.

"Sabalkheri, shemeji. Karibu. Mbona jasho hivyo? Keti upumzike."

"Mtoto yuwapi?"

"Yuko njiani kwenda kwa mamangu, Malindi. Nimempakia alfajiri na shangazi yake. Bibi yake amemkumbuka. Atakaa huko mpaka mamake atulie."

Nikataka kumtukana. Maisha yangu yote matusi yamenijia bila kuyaita, na siku ile hata moja halikuja. Akanitazama kwa huruma, huruma kweli, kisha akasema taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokipenda: "'Nakuja na mwanangu na mfuko mmoja, mengine Mungu atanipa.' Maneno mazuri, shemeji. Mdogo wako anajua kuandika."

Nikampita nikaingia ndani.

Mdogo wangu alikuwa chumbani, amekaa kando ya lile sanduku jipya. Halii. Nikapiga magoti mbele yake nikamweleza yote, adhana, picha, alichosema mwenzangu, mpaka kile kitufe nilichobonyeza. Nilitaka anipige. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Iliandika kwa rangi nyekundu," akasema. "Nami nilikuwa nimekaa pale pale."

Jioni ile nikaifuta ile programu, nikabadilisha maneno yangu yote ya siri, nikaikagua kompyuta mara mbili. Safi. Hapana tishio hata moja, iliniandikia, kwa rangi ya kijani. Nilikaa mbele ya hiyo kijani nikalia kwa hasira, kwani ilikuwa imekuja kwa mtu ambaye hakuwa na kitu tena cha kulindwa.

Ijumaa baada ya sala walikuja kwangu, wote wawili. Mume mbele, mke nyuma. Shemeji alisema ni adabu kuijibu ile skuli ya Unguja, wasikae wakisubiri, na kwamba mimi ndiye mwenye mkono mzuri wa barua rasmi. Nikaketi mezani. Akaitazama skrini.

"Naona umeitoa adhana."

"Nimeitoa."

"Haidhuru."

Akavuta kiti akakaa baina yetu. Mdogo wangu akanisomea maneno, mimi nikaandika. Anashukuru kwa nafasi. Hataweza kuja, kwa sababu za kifamilia. Anaomba radhi kwa usumbufu. Sauti yake ilikuwa nyororo, haina kitu ndani, na mara mbili nilijitia sikusikia ili nipate kumtazama usoni. Hakuinua macho.

Nilipomaliza nikaweka kidole juu ya kibonye na nikamgeukia yeye, yeye peke yake, mdogo wangu ambaye tangu utotoni alikuwa akinijibu kabla sijamaliza kuuliza.

"Nitume?"

Akageuka akamtazama mumewe.