Dada Aliyeniandikia Mashairi

Ndugu zangu mnaohudhuria kliniki hii, pamoja na ninyi mliowasindikiza, mimi ni Aika wa Old Moshi. Nimeombwa nieleze nilivyopona. Nitaeleza, ila mjue mapema kwamba kupona kwangu kuna uchungu ndani yake, na sitaupaka asali.

Kabla ya kuugua nilikuwa mshairi. Mchana nilishona sare za shule mjini Moshi, jioni nilipanda mlimani kwa mama na kuandika. Sikuandika habari za nchi wala maua. Niliandika ndoa yangu iliyovunjika, mimba niliyoipoteza, na damu yake. Niliposoma mbele za watu, mwalimu mmoja mstaafu aliniuliza vina na mizani nimeviacha wapi. Akina mama wa kanisani walisema najivua nguo hadharani. Nikawajibu kwamba mficha uchi hazai. Nilikuwa na mdomo, na bado ninao.

Dada yangu Ndeshi alikufa kwa homa tukiwa wadogo. Amezikwa kihambani, shamba la ukoo wetu, nyuma ya jiko, kati ya migomba, kama tunavyozika sisi. Tulimpita kila tulipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Alikufa akitetemeka, akiomba blanketi jingine, na blanketi jingine halikuwepo. Mama hakulitaja jambo hilo kamwe, lakini nilijua linamla.

Nilianza kuumwa bila kujua kwamba naumwa. Siku moja nikikata majani nilimsikia Ndeshi akisema, kwa sauti yake ileile ya utoto, "Mimi niko chini ya mgomba, lakini anayeoza ni wewe." Sikuogopa. Nilikimbia ndani nikaandika. Nilipousoma mstari ule mjini, watu walilia. Tangu hapo alininong'oneza mashairi mazima, nami nikatoa kitabu. Watu walinisifu kwa ujasiri wangu, kumbe mimi nilikuwa karani tu.

Kisha usingizi ukakata. Midomo ikapasuka, hedhi ikakoma, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Ndeshi alisema chakula ninachokula ni chake, nikawa natapika hata mtori, supu laini ya ndizi. Nikamwambia mama ninamsikia nani. Nilitegemea atashtuka. Alikaa kitandani kwangu, akanishika mguu, akasema polepole, "Muulize kama bado anasikia baridi."

Nikamuuliza. Nikamjibu mama kwamba hapana, amepata joto. Mama alilia kwa furaha, na tangu siku hiyo kila asubuhi alikuja na chai yake kusikiliza.

Mjomba ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari, mwanamke wa makamo asiye na haraka, aliniuliza kama sauti ikinyamaza nitahuzunika. Nikasema ndiyo. Akaniambia, "Basi sitakudanganya. Dawa itamnyamazisha. Utapata nafuu, na utamlilia upya."

Nilimeza dawa. Mate yalinitoka, ulimi ukawa mzito, nikanenepa, nikalala. Ndeshi akanyamaza, na mashairi nayo yakanyamaza. Nilishika kalamu nikaikodolea macho karatasi kama ng'ombe anavyokodolea mlango wa zizi. Mama naye alikuja na chai yake, akauliza kama dada amesema chochote, nami nikasema hapana. Uso wake ulisawijika hata nikaona ni mimi niliyemuua Ndeshi.

Nikaacha dawa. Niliacha kwa ajili ya mashairi, na niliacha kwa ajili ya mama. Mama aliniona nikitupa vidonge chooni. Aligeuka, akaenda kuchemsha chai yake.

Ndeshi alirudi, lakini hakurudi na shairi. Alikuwa na neno moja tu: njoo. Njoo, nikiwa kwenye cherehani. Njoo, nikioga, nikiwa kanisani. Masika yalikuwa yameanza, ukungu umeshuka mpaka milangoni, nilipokwenda kulala juu ya kaburi lake. Nilichimba kwa vidole. Kucha mbili ziling'oka na sikusikia maumivu. Nilitaka kuingia. Nayasema haya kwa sababu najua kuna mtu hapa anayenielewa.

Mama alinikuta pale. Nikamwambia Ndeshi ananiita. Nilidhani atauliza ameongeza neno gani. Alipiga magoti kwenye matope, akaweka viganja vyake juu ya udongo, akazungumza naye kwa Kichagga, taratibu, kama anavyobembelezwa mtoto anayegoma kulala. Kwa Kiswahili maneno yake ni haya: "Ndeshi, mwanangu, blanketi halikuwepo. Nisamehe. Sasa mwache mdogo wako. Nyamaza, mama, nyamaza ulale."

Kisha akaita majirani, wakanibeba mpaka kwenye gari.

Nililazwa kwa muda mrefu. Siku hizi kila jioni mama ananiletea kidonge na maji, anasimama mpaka nimeze. Anajua anamnyamazisha nani. Akimaliza huenda jikoni akakaa kidogo peke yake, na mimi simfuati.

Bado naandika. Mashairi yangu ya sasa ni mafupi, yanatoka kwa shida, na hakuna aliyewahi kuyalilia. Wapo wanaoniambia kitabu cha kwanza kilikuwa bora zaidi. Ni kweli, kilikuwa bora. Mkono ulioandika kile ulikuwa unaingia kaburini, na mimi nautaka huu unaoshona sare.

Mficha maradhi kifo humuumbua, basi semeni. Dawa ikikutesa, mwambie daktari, usiitupe chooni kama mimi. Na ninyi mnaouguza, jiulizeni kama kuna kitu mnachokipata kwenye ugonjwa wa mtu wenu. Swali hilo ni chungu, lakini jiulizeni.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru mjomba. Mama yangu yupo pale nyuma, amekaa na ninyi. Alimzika Ndeshi mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameshamsikia akizungumza kwa kinywa changu, na akamzika hivyohivyo, ili nibaki mimi. Shikamoo, mama.