Gambuti za Mashine

Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri huu, na aliyemwachia mama yangu pumzi yake siku ambayo mimi, mtoto wake, nilikaribia kuikata. Sifa zote ni zake.

Harufu ninayoikumbuka ni ya sabuni ya unga na mpira uliolowa. Ilitoka katika chumba cha mabati nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ilikokaa mashine ya kufulia. Baba alikuwa dereva wa lori la ngano, na siku moja alirudi nayo kutoka Timau, ambako mwenye shamba mmoja alikuwa akihama. Lilikuwa pipa jeupe lenye mfuniko, na likianza kuzunguka, vikombe vya jikoni vilitetemeka. Tulikuwa watu kumi na mmoja: wazazi, Cucu, yaani nyanya yetu mzaa baba, watoto sita, na binamu wawili waliotoka kijiji cha Gakindu kuja kusomea mjini. Mashine haikupumzika. Jumatatu ilikuwa sare za shule, Jumatano mashuka, Jumamosi nguo za kanisani. Mama aliitunza kama ng'ombe wa maziwa. Kila jioni alisafisha kichujio, akaipangusa kwa kitambaa kikavu, kisha akaacha mfuniko wazi ili isiote ukungu. Kabla ya kufua alitukagua mifuko, asije akakuta msumari au kokoto ndani ya pipa.

Lakini mashine ile ilikuwa inauma. Ukiigusa ukiwa pekupeku, kitu kama siafu kilipanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Fundi wa redio aliitwa, akaigusa kwa bisibisi yake ya kupimia, na kitaa kilichokuwa ndani ya bisibisi kikawaka. Alisema tuvae viatu vya mpira tu, basi. Baba akanunua gambuti nyeusi, kubwa za kumtosha kila mtu, zikasimama kando ya mashine. Amri ilikuwa moja: hakuna kugusa mashine bila gambuti, na gambuti hazitoki nje ya mlango ule. Tulizoea. Dada yangu mkubwa, Nyambura, alifanya hata mzaha. Aliigusa kwa kidole, akaruka na kucheka. "Inanisalimia tu, Mama!"

"Wee, hiyo si shemeji yako. Vaa viatu," Mama alimjibu.

Cucu peke yake hakucheka. Alikataa kupita karibu na chumba kile. "Kitu kinang'ata watoto, na nyinyi mnakivalia viatu," alisema. "Ati ndiyo maendeleo?"

Msimu ule mvua ya njahi, yaani ya masika, ilikuja na hasira. Ilinyesha wiki baada ya wiki, ukungu ukaufunika mlima tukasahau uko upande gani, na maji yakaanza kupenya chini ya mabati hadi kwenye sakafu ya mashine. Stima, yaani umeme, ilipotea karibu kila alasiri, na Mama aliilalamikia akiwa na nguo nusu zimefuliwa. Nguo hazikukauka, zikanuka, zikafuliwa upya. Siafu wa mashine akawa mkali zaidi. Nyambura aliacha kuigusa kwa mzaha, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ijumaa moja nilitumwa kukata majani ya ng'ombe. Matope yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na viatu vyangu vilikuwa vimetoboka. Nilichukua gambuti za mashine. Nilikuwa na miaka kumi. Panga liliteleza kwenye majani yaliyolowa, likaikata gambuti ya kulia karibu na kisigino, ufa wa urefu wa kidole, lakini halikunifikia mguu. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mguu wangu. Kisha niliziosha gambuti, nikazirudisha mahali pake, nikaugeuzia ukutani upande uliokatika. Usiku nilisali nikiomba Baba asione. Sikuomba lingine.

Kesho yake Mama alikuwa na nguo za familia na mashuka mawili ya mgeni wa kanisa. Nilikaa mlangoni nikichambua maharagwe. Nilimwona akiingiza mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Niliokota kokoto katika maharagwe, nikaitupa nje. Alikanyaga maji ya sakafuni, akaweka mkono kwenye mfuniko, na hakuutoa. Hakupiga kelele. Mdomo wake ulikuwa wazi, macho yake yakinitazama, na shingo yake imekakamaa kama ya mtu anayeinua mzigo. Nyambura alikimbia kuja, na Cucu akamshika nguo akipaza sauti: "Usimguse! Usimguse!" Ndipo radi ikapiga upande wa Endarasha na stima ikapotea. Mama alianguka juu ya mashuka.

Alipona. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Baba aliitoa mashine ile siku hiyo hiyo, na gambuti zikatupwa pamoja nayo. Hakuna aliyezichunguza.

Mama anakaribia miaka tisini sasa, na anaishi nami. Nyumba yetu bado ina watu wengi, na mashine yetu inafua kila siku, ila hii haimuumi mtu, kwa maana fundi wa umeme alichimbia waya wa ardhini na hurudi kila mwaka kuukagua. Mwaka jana nilimwambia Mama habari ya panga. Aliendelea kukunja soksi za wajukuu wangu.

"Nilisikia maji ndani ya kile kiatu, Wangeci," alisema. "Nikaona nguo ni nyingi."

Stima ikipotea, wajukuu hunililia mimi: "Ai, Cucu, tena!" Mama naye hunitazama, akainua vile vidole vyake viwili vilivyopinda, nami nasema asante Bwana.

Wewe unayesoma, Mungu akulinde pamoja na wote wanaokufulia na wanaokupikia. Na kama kuna ufa uliougeuzia ukutani, akupe kinywa cha kuusema kabla mpendwa wako hajaingiza mguu.