Sailensa iliyoganda kwenye rifle ya sungura, na siku niliyomwambia Fundi Balwant "nionyeshe"

Wakuu, nawasalimu wote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Juzi mwenzetu mmoja hapa jukwaani aliuliza afanye nini na sailensa, kile kifaa cha kupunguza mlio, iliyoganda kwenye mtutu wa rifle aliyoachiwa na marehemu baba mkwe wake. Nimesoma majibu yenu. Karibu wote mmemwambia: piga moto, itaachia.

Moto unaachia kweli, sibishi. Lakini ndugu yangu, kabla hujawasha, soma kwanza haya. Yalinikuta mimi mwenyewe, na nitayaweka yalivyokuwa.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi bunduki hapa Birmingham. Vijana wengi hawajui kwamba karibu na katikati ya mji kulikuwa na mitaa ya mafundi wa bunduki watupu. Nyumba nyembamba za matofali, kila chumba na kazi yake: hapa mitutu, pale vitako vya mbao, kule wasuguaji. Nilikuwa nimetoka Tanga na ujuzi wa karakana ya kiwanda cha mkonge. Nilipanga chumba Small Heath, na asubuhi napanda basi la Coventry Road nikiwa nimevaa kila nguo niliyonayo.

Benchi la jirani yangu lilikuwa la Fundi Balwant, Kalasinga wa Nairobi. Alifanya kazi karakana ya reli kule Kenya miaka mingi kabla ya kuhamia huku na familia. Kwa umri angeweza kuwa mjomba wangu. Siku aliyonisikia nikiilaani bisibisi kwa Kiswahili, alitupa tupa yake chini akaja kunikumbatia. Tangu hapo mkewe akawa anafunga chapati za watu wawili.

Nawaeleza haya ili mjue huyu alikuwa nani kwangu. Sikuwa na mtu mwingine mji mzima.

Sasa, workshop yetu ilikuwa na desturi moja. Bunduki ikitoka mkono mmoja kwenda mwingine, anayetoa anafungua bolti, lile komeo la chuma nyuma ya mtutu, anamwonyesha anayepokea chemba, ile nafasi inapokaa risasi. Ndipo inapokewa. Hata kama mmesimama pamoja. Hata kama ni baba yako mzazi. Wazungu walifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofuta miguu mlangoni.

Mimi na Balwant tulikuwa hatufanyi.

Yeye akinipa kitu husema, "Tupu, kijana," nami napokea. Nyie mnajua tulivyolelewa. Mtu mzima akisema ameangalia, wewe ukiinamisha shingo kuchungulia umemwita muongo.

Basi siku moja ya mvua akaja mkulima na rifle ndogo ya kuwindia sungura. Ilikuwa ya kaka yake aliyefariki, na ilikaa kwenye banda la ng'ombe tangu msiba. Sungura wanamaliza kabichi zake, na yeye anaitaka siku hiyo hiyo. Sailensa haizunguki. Bolti nayo imeshikana kwa kutu, haifunguki.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze kwa nini inaganda. Kila risasi ikipigwa inaacha masizi na unyevunyevu ndani ya sailensa. Usipoivua baada ya kazi, ule unyevu unakwenda kukaa kwenye hesi, zile nyuzi za kufungia. Chuma kinaota kutu, kutu inavimba, na vitu viwili vinakuwa kimoja. Si nguvu iliyoifunga. Ni uvivu wa kutoivua.

"Haina kitu," yule mkulima akatuambia. "Kaka yangu alikuwa mtu makini sana." Akaenda kutafuta chai.

Balwant akaibana rifle kwenye jiliwa, kati ya vipande vya mbao ili mtutu usikwaruzike. Akawasha moto wa gesi. Halafu akapita mbele, akainama kuchungulia masizi kwenye tundu la sailensa. Penseli imechomekwa kwenye kilemba, tumbo limeegemea benchi, kifua chote mbele ya mtutu.

"Kijana, shika spana. Mimi naleta moto, wewe zungusha."

"Umeiangalia, Fundi?"

"Iko tupu. Mwenyewe amesema."

Spana nilikuwa nayo mkononi. Wakuu, mkono ulikataa.

"Nionyeshe," nikasema.

"Nini?"

"Chemba. Nionyeshe, Fundi."

Akainuka taratibu. "Bolti imeganda, wewe hapana ona? Nakuonyesha na nini, eksirei?"

"Basi hatujui."

"Hatujui?" Sauti ikapanda. "Mimi nafanya kazi ya chuma, wewe bado nanyonya! Nimekupa kiti nyumbani kwangu. Leo unakagua mimi kama askari wa getini?"

Moto ulikuwa unanguruma mkononi mwake, ncha ya bluu karibu kabisa na mtutu. Chuma kikipata joto, joto halibaki mahali pamoja. Linatembea. Kama kuna risasi mle ndani, haihitaji mtu wa kuvuta kifyatulio.

Chapati za mkewe zilikuwa kwenye mfuko wangu, bado zina uvuguvugu. Niliona wazi kwamba naweza kumpoteza kwa njia mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa mimi kuendelea kuwa na adabu.

"Zima moto kwanza, mzee wangu," nikamwambia. "Halafu nitukane vizuri."

Akazima. Hakuwa ameniamini. Alitaka mikono yote miwili ya kunitukania.

Nikaifungua jiliwa, nikaigeuza rifle ielekee kwenye sanduku la mchanga lililokuwa ukutani. Nikachukua fimbo nyembamba ya mbao. Nikiwa nimesimama pembeni, si mbele, nikaiingiza polepole kupitia sailensa mpaka ikagota. Nikaweka alama kwenye fimbo pale mdomoni, nikaichomoa, nikailaza juu ya mtutu kwa nje, alama kwenye mdomo wa sailensa.

Kama chemba ni tupu, ncha ya fimbo inafika mpaka uso wa bolti.

Haikufika. Iliishia kabla ya hapo, kama urefu wa pingili ya kidole.

"Uchafu," Balwant akasema, lakini sasa kwa sauti ndogo.

"Labda."

"Buibui anaweza kujenga nyumba."

"Labda, Fundi."

Alizunguka benchi kutoka upande wa mbele, akaja kusimama nyuma yangu.

Tukaimwagia bolti mafuta ya kulainisha kutu na kuiacha hivyo hivyo, mdomo mchangani. Mafuta yanataka subira. Tulikunywa chai. Chapati hakuna aliyegusa. Mara kwa mara nikawa naisukuma bolti kidogo, narudisha, naongeza mafuta. Baada ya saa ya chakula ikaanza kulia, kisha ikasogea, kisha ikafunguka.

Risasi ikatoka nzima, imeota ukijani kama sarafu ya zamani.

Balwant aliipokea kiganjani, akaitazama, kisha akaitazama aproni yake pale kifuani. Akakaa kwenye stuli. Mkulima aliporudi na kuiona, alirudia tu, "Lakini alikuwa mtu makini." Nadhani kaka yake alikuwa makini kweli. Siku moja tu hakuwa.

Sailensa yenyewe ikawa kazi ndogo. Rifle ikarudi kwenye jiliwa, mafuta yote yakafutwa. Balwant akachukua moto. Kabla ya kuwasha alifungua bolti, akanigeuzia.

"Angalia."

Nikaangalia. Akapasha joto sailensa kidogo kidogo, akizunguka, kwa sababu inatakiwa itanuke kuliko mtutu. Nami nikaikamata kwa spana ya mkanda na kuvuta bila papara. Ikapiga kelele kama mlango wa zizi, ikaachia. Hesi zilikuwa zimeliwa kidogo tu.

Kwa hiyo, mkuu uliyeuliza: usianze na moto. Anza na chemba. Kama huwezi kuiona, hiyo bunduki ina risasi mpaka ionekane vinginevyo. Ielekeze mahali salama, mpelekee fundi mwenye leseni, na umwambie wazi kwamba hujui. Hakuna aibu hapo. Na wewe utakayeambiwa "ni tupu" na mtu unayemheshimu, omba kuonyeshwa. Atakasirika, lakini atakuwa mzima wa kukasirika.

Balwant alinikasirikia mpaka jioni. Kesho yake chapati zikaja kama kawaida. Na kuanzia siku hiyo mpaka anastaafu, kila alipomaliza kula alinigeuzia kopo lake la chakula na kusema, "Ona, kijana. Tupu."

Wenzetu walidhani ni utani.

Mimi niliangalia kila mara.

Haya, karibuni. Nani amewahi kumwambia mkubwa wake "nionyeshe", na ilikuwaje?