Hakuna Kusoma, Hakuna Viatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni mbele ya stoo ya vifaa vya michezo imeshafika kwenye nguzo ya goli. Memunatu Iddi, mama wa miaka hamsini na mbili, ameegemea dirisha, miwani puani. Viatu vya kukimbilia vimepangwa nyuma yake, na hatoi hata jozi moja mpaka aone kilichomo mfukoni mwa mwanafunzi.

Leo ni mchujo wa timu ya chuo, na siku kama hii mifuko ya wanamichezo hapa Tamale, kaskazini mwa Ghana, haikosi vidonge vya maumivu. Mwenye navyo anakunjua karatasi iliyomo ndani ya pakiti na kuisoma kwa sauti, wenzake wakisikia.

“Mma, mimi nasomea misuli na mifupa,” analalamika Maltiti, mrukaji wa mwaka wa pili, akimwita mama kwa Kidagbani, lugha ya hapa. “Karatasi hii ni ya wauza duka.”

“Basi isome kama muuza duka, mwanangu. Wenzako wanangoja.”

Foleni nzima inacheka. Maltiti anasoma, na anapofika kwenye kiwango cha mwisho cha siku, sauti inapungua.

Mtindo huu ulianza mwaka jana, baada ya Suhuyini Neindow, mkimbiaji wa mita mia nne, kuponea chupuchupu. Goti lilimuuma wiki ya mashindano. Akanunua pakiti nyekundu, akaona haitoshi, akaongeza ya bluu. Siku tatu mfululizo alisaga vidonge vyote kwa chupa tupu ya soda ya malti na kunywa unga wake, kama walivyozoea wakimbiaji wa chuo hiki. Kumbe dawa ilikuwa moja, yenye majina mawili. Alilazwa siku tisa, ini likiwa hoi.

“Nilidhani rangi mbili ni dawa mbili,” anasema Suhuyini, ambaye leo ni wa tano kwenye foleni. “Mtihani wa somo la mwili wa binadamu nilipata tisini na moja. Karatasi ya dawa sikuwahi kuikunjua.”

Memunatu ndiye aliyempa ile chupa tupu ya kusagia, na mpaka leo roho inamuuma. Tangu siku hiyo dirisha lina sheria yake.

Si wote wanaofurahi. Baadhi ya walimu wamelalamika kwamba mtunza stoo amejifanya daktari, na asubuhi hii mkuu wa chuo, Dakta Abukari Yidana, amekuja mwenyewe kuamua kama mtindo huu uendelee au upigwe marufuku.

“Wakinizuia, zile chupa zitarudi,” Memunatu anamnong’oneza mwandishi wa habari hizi.

Mkuu anatazama kidogo, kisha anasogea mbele na kuomba viatu vya kutembelea asubuhi. Memunatu anamuuliza, kwa heshima zote, mfukoni mna nini.

Mkuu anacheka, anatoa pakiti ya vidonge vya mgongo. Miwani ameisahau nyumbani, kwa hiyo Memunatu anavua yake na kumpa. Anasoma kwa sauti ya mhadhara mpaka anapofika mahali palipoandikwa kwamba mwenye shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kutumia. Hapo anaishusha karatasi. Chuo kizima kinajua kwamba ana presha.

“Nimevimeza mwezi mzima,” anasema taratibu. “Mma, hebu nisomee tena hapo.”

Memunatu anamsomea. Mkuu anarudisha viatu bila kuvivaa, anauliza kama muuguzi wa zahanati ameshafika, na kabla ya kuondoka anamwambia mwalimu wa michezo kwamba wanafunzi wapya watapita dirishani hapa kwanza, ndipo waingie darasani. Makofi yanalipuka. Furaha ya asubuhi hiyo haielezeki.

Saa nne Suhuyini anakimbia bila kidonge hata kimoja na kumaliza wa tatu. Nafasi ya timu ameipata.

Sasa Memunatu anataka dirisha la pili kwenye bweni la wasichana, na maelezo ya dawa kwa Kidagbani yaliyoandikwa kwa herufi kubwa ukutani. Atayaandika kwa mkono wake mwenyewe, mkono uliojifunza kuandika katika darasa la watu wazima.

“Mimi nilianza kusoma nina miaka thelathini na minane,” anasema, akifuta miwani. “Hawa walianza wakiwa na sita. Nataka tu wafike mwisho wa karatasi.”