Sweta ya Kwenda Chile

Gudveig aliishi kisiwani kaskazini mwa Norwei, na mjukuu wake alikuwa amejifungua huko Chile. Sweta ya kwanza aliyomfumia kitukuu ilicheleweshwa na dhoruba, kisha ikazuiliwa forodhani kwa sababu juu ya kifurushi aliandika "zawadi" tu. Ilipofika, haikupita kichwani mwa mtoto.

"Bibi, tumemvika mwanasesere," mjukuu alimwambia kwa simu, akicheka.

Gudveig hakucheka. Alikwenda posta kumlalamikia karani, Torbjørg.

"Mama, andika ni sweta ya sufu ya mtoto, na thamani yake," Torbjørg alisema. "Dhoruba siiwezi."

"Basi nitafuma ya kumtosha mwakani."

Ya pili ilifika upesi. Mama mtu akaikunja mikono, na mtoto akaivaa hadi viwiko vikatoboka.